Kiti cha Mwenye Pete ya Dhahabu

Katika sura ya pili ya waraka wake, Mtume Yakobo anatoa mfano ambao sisi tunaoishi katika ukanda wa dhahabu hatuna udhuru wa kutouelewa. Watu wawili wanaingia katika kusanyiko la waamini. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza anaonyeshwa mahali pazuri pa kuketi. Wa pili anaambiwa asimame kule, au akae chini karibu na miguu. Yakobo haulizi kama mahubiri ya siku hiyo yalikuwa mazuri au kama kwaya iliimba vizuri. Anatazama mahali watu walipokalishwa, na kwa hilo peke yake anaipima imani ya kusanyiko zima.

Parokiani kwetu tumelisikia somo hilo mara nyingi, na mara nyingi tumelisikia kama onyo kwa watu wengine. Hapa tunataka kueleza jinsi tulivyojikuta ndani yake, tena siku ambayo tulikuwa tumewaita watu waje kusikiliza mhadhara wa wazi juu ya usanifu wa majengo na jinsi unavyoweza kuwajenga watu kuwa jumuiya. Swali tulilobaki nalo ni hili: je, mpango wa jengo, ukuta, mlango na kiti ni suala la fedha na mapendeleo tu, au ni suala la dhamiri pia?

Parokia yetu iko katika mji mdogo wa barabarani, upande wa Shinyanga, ambako mabasi ya Kahama na Geita hupita bila kukaa sana. Wazee wetu ni wakulima wa pamba na mpunga, na wafugaji. Vijana wetu wengi wamepitia machimboni: Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, popote inaposemekana kwamba dhahabu imefumuka. Wengine wanarudi na fedha, wengine wanarudi na vifua vibovu, na wengine hawarudi. Fedha ya machimbo huja ghafla na hujenga ghafla: nyumba ya bati la rangi, ukuta wa tofali za saruji, vipande vya chupa juu ya ukuta, geti la chuma. Miaka 20 iliyopita mitaa hiyohiyo ilikuwa na uzio wa minyaa, na mtu aliyepita njiani aliweza kuchungulia uani na kusalimu, "Mwangaluka!" Leo tunabisha hodi kwenye geti na kungoja kuona kama mbwa amefungwa.

Mabishano yetu yalianza na ukumbi. Muumini mwenzetu aliyefanikiwa katika biashara ya madini alijitolea kulipa sehemu kubwa ya gharama za ukumbi mpya wa parokia. Alikuwa na ombi moja, kwamba kwanza kiwanja chote kizungushiwe ukuta wenye geti moja. Ombi hilo halikuwa la kiburi. Tulikuwa tumeibiwa spika na betri za sola, na yeye aliogopa kwamba sadaka yake ingeishia mikononi mwa wezi. Lakini katikati ya kiwanja chetu inapita njia ya miguu iendayo kisimani, na pembeni ya njia hiyo akina mama kadhaa huuza maandazi, mihogo na uji. Wengi wao si Wakatoliki, na baadhi si Wakristo. Ukuta ungeikata njia na kuwaondoa akina mama. Baraza la parokia liligawanyika, na jumuiya mbili zikaacha kupokezana sala.

Ndipo mmoja wetu alipopendekeza tumwite mtaalamu, azungumze hadharani, kila mtu asikie. Tulimpata msanifu majengo, binti aliyezaliwa Kanda ya Ziwa na kufanya kazi Dar es Salaam, akakubali kuja kwa nauli tu. Tukaunda kamati ya watu saba. Gari la matangazo lilizunguka siku ya mnada. Tuliandika barua kwa serikali ya mtaa, kwa makanisa jirani na kwa msikiti. Akina mama wa WAWATA walipika, vijana wa VIWAWA walikodi viti na spika. Tulijivunia sana kwamba jambo hili lilikuwa la watu wote.

Ukumbi wa zamani tuliupanga kama tulivyouona ukipangwa maisha yetu yote. Mbele meza kuu yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki. Nyuma ya meza sofa mbili. Upande wa kulia viti 20 vilivyofunikwa vitambaa, vya mgeni rasmi na watu watakaofuatana naye. Kisha viti vya plastiki, kisha mabenchi. Walioingia baadaye walisimama nje madirishani, na waliofika mwisho walikaa chini ya mwembe, mahali ambapo sauti ya spika haikufika vizuri. Mgeni rasmi alituma ujumbe kwamba ana dharura. Watu wake hawakuja pia. Vile viti 20 vilibaki vitupu mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna aliyethubutu kuvikalia, wala sisi hatukumwambia yeyote akae.

Mhadhara wenyewe ulikuwa mzuri. Alianza na Bujora, karibu na Mwanza, ambako katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma na kuweka ndani yake alama za utemi. Palepale yalikua Makumbusho ya Wasukuma, na kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu huja kushindana. Alituomba tufikiri kwa nini mzee wa Kisukuma aliyeingia katika kanisa lile hakujiona mgeni. Kisha akatukumbusha shikome, moto wa jioni katika kaya ya Kisukuma, ambapo wazee na vijana walikaa kuuzunguka na mambo ya kaya yakazungumzwa. Katika duara, alisema, huwezi kujua nani amekaa nyuma.

Kutoka shikome alituhamishia Dar es Salaam, kwenye Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli. Alieleza jinsi paa lake lilivyoundwa kwa miavuli mikubwa ya zege, ili mchuuzi wa nyanya apate kivuli na hewa, na maji ya mvua yakusanywe yasipotee. Kwa nchi ambayo wakati huo haikuwa na fedha nyingi, alisema, kumpa mchuuzi jengo la namna ile kulikuwa njia ya kumwambia kwamba ni mtu wa maana.

Baada ya hapo alifungua ramani ya ukumbi wetu mpya na kuuliza swali dogo: "Hapa mnapotaka kujenga, udongo wake ni upi?"

Meza kuu ilinyamaza. Sisi wanakamati tulitazamana. Tulikuwa na ramani, makisio ya gharama na ahadi ya mfadhili, lakini jibu la swali hilo hatukuwa nalo. Sauti ilitoka dirishani. Alikuwa mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alilima majaruba ya mpunga bondeni, chini ya kiwanja cha kanisa.

"Mwanangu, hapo ni mbuga. Masika udongo unavimba, kiangazi unapasuka. Sisi nyumba tulijenga juu kwenye luseni, huko chini tuliwapeleka ng'ombe. Mkijenga hapo, miaka mitatu tu kuta zitaachana."

"Shikamoo, baba," alisema yule binti. "Naomba uingie ndani utueleze vizuri."

"Marahaba. Nikakae wapi, mwanangu? Si mmejaa?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza njia. Watu wote waligeuza macho kwenye vile viti 20 vyenye vitambaa vyeupe. Tunakiri kwamba hata wakati ule, kwa muda mfupi, baadhi yetu tulijiuliza kama ni sawa mtu mwenye matope kwenye kandambili akalie kiti cha mgeni rasmi. Mwanamke aliyekuja kutufundisha habari za majengo alikusanya karatasi zake na kusema kwamba kama hatutajali, angependa sote tutoke nje tukauone huo udongo. Sehemu ya pili ya mhadhara ilifanyika chini ya mwembe bila spika, na mzee ndiye aliyezungumza zaidi.

Kwa kuwa kitabu hiki ni cha imani na si cha ufundi, tungependa kueleza mambo tuliyoyaelewa baadaye, tulipokaa na kutafakari.

La kwanza ni kwamba jengo husema kabla sisi hatujasema. Kabla msanifu hajafungua kinywa, ukumbi ulikuwa umekwisha kutoa mhadhara wake, na mhadhara huo ulisema kwamba mtu asiyekuja, mwenye cheo, ana nafasi kubwa kuliko mtu aliyekuja, asiye na cheo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekusudia kusema hivyo. Tulipanga tu kama inavyopangwa siku zote. Pengine ndiyo sababu Maandiko yanashughulika na mambo ambayo sisi tungeyaita ya fundi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukingo kwenye dari yake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Amri ya kumpenda jirani imeshuka mpaka kwenye tofali. Mwenye nyumba hawezi kujitetea kwamba hakumsukuma mtu, kwa sababu angeweza kujenga ukingo na hakujenga.

La pili ni onyo kwa wale wanaodhani kwamba mpango mzuri wa majengo huzaa udugu wenyewe. Mkoa wetu unajua vizuri kwamba sivyo. Mwaka 1973 iliagizwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wa vijijini wote wawe wanaishi katika vijiji, na wazazi wetu wengi walihamishwa kutoka kaya zao zilizotawanyika, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Nia ilikuwa ujamaa, na shule na zahanati zilisogea karibu kwa wengi. Lakini walioondolewa kwa nguvu walijikuta karibu na majirani wasiowachagua, mbali na mashamba na makaburi yao, na baadaye wengi walirudi walikotoka. Ukaribu wa nyumba haukutosha kuwafanya ndugu watu ambao hawakuulizwa. Kinyume chake, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, hazina jengo hata moja. Zinakutana uani kwa mama fulani, juu ya mikeka na vigoda, na hapo watu hujua nani mgonjwa na nani hana karo ya mtoto. Jengo linaweza kufungua njia kwa upendo au kuiziba. Kupenda kwenyewe linatuachia sisi.

La tatu ni gumu zaidi, nalo ni ukuta. Ndugu zetu waliotaka ukuta hawakusema upuuzi. Februari 2023 mtu aliingia usiku katika Kanisa Kuu la Geita na kuharibu vitu vitakatifu, likafungwa kwa muda kwa ajili ya toba na malipizi. Waamini walilia, na sisi huku tulilia nao. Hatuwezi kumwambia mtu kwamba kulinda ni kukosa imani. Kwa hiyo hatukupata jibu katika kuchagua kati ya ukuta na kutokuwa na ukuta.

Jibu tulilisogelea kupitia ngitili. Msomaji wa mbali pengine hajui neno hili. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha hulifungua kiangazi, wakati ng'ombe hawana pengine pa kula. Ziko za kaya na ziko za kijiji. Shinyanga ilipokuwa imekaribia kugeuka jangwa kwa kufyeka miti, mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudi kwenye desturi hiyo ya wenyeji, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakaota miti tena. Ngitili nayo ni zuio. Lakini yule anayezuiwa leo ndiye anayefunguliwa kesho, na ya kijiji hufungwa kwa makubaliano ya watu walewale wanaozuiwa. Inamwambia mtu, "Subiri kwanza." Ukuta tuliokuwa tumeuchora ulimwambia mwenye kwenda kisimani, "Wewe huhusiki." Tofauti hiyo haimo katika urefu wa ukuta wala katika tofali. Imo katika kujua unajengwa kwa faida ya nani, na kama aliyeko nje yake aliulizwa.

Kwa hiyo tulikwenda kuuliza, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kukodi viti. Tulikaa na akina mama wa maandazi. Tulikaa na kamati ya kisima. Mmoja wa akina mama hao, Mwislamu, alitwambia kwamba wezi wa spika zetu waliingia usiku, wakati njia haina watu, na kwamba mchana yeye na wenzake ndio waliokuwa wakilinda kanisa bila kulipwa wala kushukuriwa. Hatukuwa tumewahi kulifikiria hilo.

Ramani ilibadilishwa. Ukumbi umepandishwa juu, kwenye luseni, kando ya njia. Unaoelekea njiani ni upande wenye baraza refu, lenye kivuli na ukingo wa kukalia. Kiswahili kilikuwa kimetutangulia: baraza ni mahali pa kukaa nje ya nyumba, na baraza ni watu waliokaa kushauriana. Vyombo vya thamani vitakuwa katika chumba kimoja chenye mlango wa chuma na nondo, na uzio utafungwa usiku tu, kwa zamu ambayo kamati ya kisima nayo inashiriki.

Tungependa kumaliza kwa kusema kwamba mfadhili wetu alifurahi. Hakufurahi. Alituambia kwa upole kwamba yeye alitaka kumpa Mungu kitu kilicho salama, nasi tumekigeuza kuwa njia ya watu. Alitoa kiasi kidogo kuliko alichokuwa ameahidi, na hatumlaumu. Kuta zimefika kwenye linta na zimesimama hapo kwa misimu miwili ya mvua bila kupauliwa. Wapo miongoni mwetu wanaopita mbele ya boma hilo na kusema kwamba kwa ajili ya njia ya kisima tumepoteza ukumbi, na hatuna hesabu ya kuwaonyesha kwamba wamekosea. Kuna siku sisi wenyewe tunajiuliza.

Bado tunamsalia mfadhili huyo na kukaa naye. Yakobo hakusema mwenye pete afukuzwe. Naye ni mtu anayetafuta mahali pa kuketi, na huenda tulimkosea tulipompa kiti cha mbele kwa sababu ya pete yake, kisha tukashangaa alipodhani kwamba nyumba ni yake. Yule tunayemtukuza kwa mali yake tunamnyima nafasi ya kuwa ndugu, kama vile tunavyomnyima yule tunayemsahau dirishani. Kosa hilo la pili tumechelewa kuliona kuliko lile la kwanza.

Kwa parokia na sharika zinazojiandaa kujenga, hatuna ramani ya kuwapa. Tunaomba tu kwamba kabla ya kumwita fundi, mtembee katika kiwanja chenu saa ya asubuhi, mwone ni nani anapita hapo na anakwenda wapi. Muulizeni anayeujua udongo. Na siku mtakayowaita watu kuzungumzia jambo hilo, mhesabu viti mlivyoviwekea vitambaa, mjiulize vinamngoja nani.

Kwetu, mikutano ya ujenzi sasa inafanyika ndani ya boma lenyewe, chini ya mbingu, kila mtu na kigoda chake au tofali lake, kwa duara. Mzee wa majaruba hukaa popote anapopenda. Mvua ikianza tunakimbilia kwa akina mama wa maandazi, ambao wana turubai, nao hutusogezea nafasi.